Deni Lililofichwa Ndani ya Nyumba: Tulivyolihesabu na Tulivyolilipa

(Mada iliyotolewa mjini Mpwapwa katika semina ya wanakamati wa parokia kuhusu uchumi wa kaya)



Tulipoombwa kuzungumza juu ya madeni katika ndoa, mara ya kwanza tulikataa. Mara ya pili tuliomba tupewe muda wa kufikiri. Sisi si wataalamu wa fedha. Ni mume na mke, wote walimu wa shule za msingi hapa wilayani, na tunachoweza kuwaletea ni hesabu ya nyumba yetu wenyewe. Tumekubali kwa sababu moja. Tangu tumalize kulipa, wamefika nyumbani kwetu watu wengi, mmoja mmoja, wengi wao usiku, wakiuliza tuliwezaje. Tumeona ni heri tuyaseme mchana, mbele ya wote.

Mume ndiye aliyekopa. Mke hakujua. Hata hivyo katika mada hii tutasema "sisi" hata pale kosa lilipokuwa la mmoja, maana mzigo tuliubeba wawili.

DENI LA KADI, KWA NAMNA YETU

Katika nchi kama Marekani na Uingereza, benki humpa mteja kadi ya kukopea. Akinunua kitu dukani benki inalipa, naye atairudishia baadaye. Asipomaliza kwa wakati, riba inaanza kuhesabiwa. Huko wapo wanandoa wanaokuja kugundua kwamba mwenzao ana kadi tatu au nne zenye madeni makubwa ambayo hakuyasema. Hapa kwetu kadi za namna hiyo ni chache. Kadi tuliyo nayo sisi walimu, wauguzi na watumishi wengine ni ya kutolea mshahara.

Lakini nayo imegeuzwa kuwa kadi ya madeni. Mtumishi anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, anapewa fedha, anaacha kadi yake pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine. Anachukua chake, kisha anamkabidhi mwenye mshahara kilichobaki. Watu wameipa mikopo hii majina yanayostahili: kausha damu, mikopo umiza.

Mji wetu wa Mpwapwa una chuo cha ualimu cha siku nyingi, una shule, una kituo cha utafiti wa mifugo na ofisi za wilaya. Katika wilaya kavu kama hii, mshahara wa serikali ni mvua ya uhakika kuliko ile ya mawinguni, na mkopeshaji analijua hilo.

ILIVYOANZA

Mwaka 2021 tulichukua mkopo wa benki ili kumalizia nyumba yetu. Mkopo huo tuliujua wote wawili. Tulikaa mezani, tukakubaliana, na makato yakaanza. Hapo hapakuwa na tatizo.

Tatizo lilianza Januari 2023. Alizeti ilikuwa imetoka kwenye kipindi cha bei nzuri, na wakulima wengi wa Dodoma na Singida walikuwa wamepanua mashamba. Mume aliona ekari zetu tatu hazitoshi, akakodi nyingine nne upande wa Chunyu. Zikahitajika fedha za trekta, mbegu na palizi. Benki ilikuwa bado inakata deni la nyumba. Akaenda kwa mkopeshaji, akachukua shilingi 800,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akaacha kadi. Nia yake ilikuwa kulipa mara tu baada ya mavuno, na mke asisumbuke.

Mvua zilikata mapema. Kilichopatikana kilikuta bei ya alizeti imeanguka. Fedha ya mavuno ililipa vibarua na usafiri, ikaishia hapo. Kila mwezi mkopeshaji alichukua riba yake, shilingi 160,000, na deni lenyewe likabaki pale pale. Mwezi Julai akamwendea mkopeshaji wa pili, akachukua 500,000 kwa asilimia 30. Zilipokwisha, akaingia kwenye programu za simu zinazokopesha kwa dakika chache. Kwa wenye maduka akaandikwa kwenye madaftari. Walimu wenzake nao aliwakopa kwa maneno ya "nitakurudishia mwisho wa mwezi".

Mke aliambiwa kwamba kadi imemezwa na mashine ya benki. Mwezi uliofuata ilimezwa tena. Mwezi wa tatu akauliza ni mashine gani hii inayomeza kadi ya mtu mmoja tu kila mwezi. Nyumba nzima ilikuwa inakula mshahara wake peke yake, naye alidhani benki imeongeza makato.

Siku mbili kabla ya Krismasi ya 2023 mwalimu mkuu wa shule ya mume alimpigia simu mke. Alikuwa amepokea ujumbe kutoka namba asiyoijua, ukisema mwalimu wake ni mdaiwa sugu na ajulishwe alipe. Ujumbe huo huo ulikuwa umetumwa kwa watu wengi waliokuwamo kwenye simu ya mume, pamoja na mashemeji. Ndivyo mke alivyojua. Kesho yake alichukua watoto akaenda kwa wazazi wake Kibakwe.

HESABU KWANZA

Tulikaa mbali wiki mbili. Hatutaki kuwapamba ninyi maneno: mke alikuwa hajaamua kurudi. Deni lenyewe lilimuumiza, lakini kilichomuumiza zaidi ni ile miezi kumi na moja ya kudanganywa. Baba yake hakumlazimisha. Alimwambia neno moja, "Mwanangu, huwezi kuamua juu ya kitu usichokijua ukubwa wake. Nenda ukahesabu, halafu uamue."

Ndugu wanakamati, hilo ndilo neno tulilokuja kuwapa leo. Mengine yote tutakayosema yanatoka humo. Nyumba ikivamiwa na deni, kila mtu anakimbilia kulipa, kuuza, kukopa tena, au kuondoka. Vyote hivyo vinaweza kuwa sahihi. Lakini ukivifanya kabla ya kuhesabu unafanya gizani.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa Januari 2024 tulikaa mezani na daftari la kaunta. Tuliwaomba watu wawili wa jumuiya yetu, mzee mmoja na mama mmoja, wakae nasi. Hawakuja kuhukumu. Walikuja kuandika. Tulichora safu sita: anayedai ni nani, tulipokea kiasi gani, tumelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, kila mwezi kinakwenda kiasi gani, na dhamana ni nini.

Hesabu ya siku ile ilifika shilingi 8,500,000. Tukafunga daftari, tukidhani tumemaliza. Siku ya tatu, mume alimwita mke jikoni akamwambia kuna moja bado. Ni yule mkopeshaji wa pili, wa laki tano. Na dhamana yake haikuwa kadi. Alikuwa amesainishwa karatasi ya mauziano ya nyumba yetu, kana kwamba ameiuza, ili akishindwa kulipa nyumba iwe ya mkopeshaji.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Aibu ndiyo iliyofanya deni baya kuliko yote litajwe mwisho. Tunawaambia haya ili mnapokaa na wanandoa wengine msifunge daftari siku ya kwanza. Acheni mlango wazi kwa wiki nzima, na anayeongeza deni siku ya tatu asifokewe, maana akifokewa la nne hatalisema.

Hesabu kamili ilikuwa hivi. Benki, marejesho yaliyobaki 5,520,000, makato 240,000 kwa mwezi. SACCOS, 1,200,000, makato 60,000. Mkopeshaji wa kadi, 800,000, riba 160,000 kila mwezi. Mkopeshaji wa karatasi ya nyumba, 500,000, riba 150,000 kila mwezi. Programu tatu za simu, 260,000. Maduka, 190,000. Walimu wenzetu na ndugu, 530,000. Jumla shilingi 9,000,000 kamili.

Mshahara wa mume baada ya makato ya kisheria ulikuwa 690,000. Benki na SACCOS zikishachukua, zilibaki 390,000. Wakopeshaji wawili walichukua 310,000. Mtu aliyefanya kazi mwezi mzima alibaki na 80,000, nazo zilikuwa zinasubiriwa na simu.

Hesabu ilituonyesha jambo ambalo hofu ilikuwa imelificha. Deni lililotutisha kwa ukubwa, lile la benki, lilikuwa na ratiba na lingekwisha lenyewe. Madeni mawili madogo, ambayo jumla yake ni 1,300,000 tu, yalikuwa yanatunyonya 310,000 kila mwezi na hayakuwa na mwisho. Kwa mkopeshaji wa kadi tulikuwa tumeshalipa miezi kumi na moja, yaani 1,760,000. Ni zaidi ya mara mbili ya fedha tuliyopokea, na bado tulidaiwa 800,000 zile zile.

NJIA TULIZOZIPIMA

Tulipokwisha kujua ukubwa wa deni, tulizipima njia moja moja.

Njia ya kwanza ilikuwa kuhama. Wapo watumishi wanaoomba uhamisho ili kuwakimbia wadai. Kwetu haikuwa na maana. Kadi haina wilaya, na karatasi ya nyumba ingebaki hapa hapa.

Njia ya pili ilikuwa mke akope kwa jina lake. Mshahara wake ulikuwa safi, na benki ingempa. Ndugu wengi walishauri hivyo. Tuliikataa. Mshahara ule ndio uliokuwa unalisha watoto, na nyumba yenye mshahara mmoja mzima ni nyumba inayoweza kusimama. Deni la mwenzako lisikufanye uutie mguu wa pili kwenye tope lile lile.

Njia ya tatu tunaisema kwa aibu. Mke alikuwa mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, na sanduku la kikundi lilikuwa na fedha zaidi ya milioni moja kwa ajili ya mgawo. Kwa usiku mmoja tulilizungumza. Tulisema tutazirudisha kabla ya mgawo. Kulipokucha mke alikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi, akamwambia nyumba yake ina matatizo ya fedha, na akaomba nafasi yake ishikwe na mwingine kwa muda. Hakuna hatua iliyotulinda kama hiyo. Mtu akiwa na deni kubwa asishike fedha za wengine, hata kama ni mwaminifu kiasi gani.

Njia ya nne ilikuwa kuongeza mkopo wa benki, tulipe wakopeshaji wote, kisha tubaki na deni moja la riba nafuu. Njia hii tusiitukane. Kubadilisha deni la asilimia 20 kwa mwezi kuwa deni la benki ni nafuu ya kweli, na kama tusingekuwa na kitu cha kuuza tungeifuata. Lakini ina masharti mawili. La kwanza, fedha iende moja kwa moja kwa wadai na risiti zionekane. La pili, kadi irudi na mlango wa kukopa tena ufungwe. Bila hayo, mtu hupata deni jipya la benki, na baada ya miezi sita anarudi kwa mkopeshaji.

Njia ya tano ilikuwa kuuza. Shamba tulilikataa, maana ndilo linalotupa chakula. Ng'ombe wetu walikuwa wamekonda kwa kiangazi na bei yao ilikuwa ya kutupa. Kilichobaki ni pikipiki ya mume. Aliipenda, na ilikuwa fahari yake. Iliuzwa kwa 1,400,000.

Njia ya sita ilikuwa kutengana. Tunaitaja kwa sababu mke aliipima kwa haki, na hakuna aliyemkataza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa kila mwanandoa haki ya kumiliki mali yake na kuingia mikataba kwa jina lake. Kwa kawaida deni alilosaini mmoja peke yake haliwi la mwenzake kwa sababu tu wameoana, isipokuwa naye amesaini kama mkopaji au mdhamini. Mke alijua kwamba angeweza kusema, "Hili si langu." Alirudi kwa sababu mume aliweka kila kitu mezani na akakubali masharti. Pale ambapo fedha zinakwenda kwenye kamari au pombe na mwenyewe anakana, au pale penye vipigo, msimwambie mke avumilie na kulipa. Hapo kwanza watu walindwe, kisha ndipo madeni yazungumzwe.

SHERIA ILIVYOTUSAIDIA

Karatasi ya nyumba ndiyo iliyotunyima usingizi. Tulikwenda kwa msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alitueleza kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia, kuiweka rehani au kuitoa kwa namna nyingine bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa ya mwenzi katika rehani ya nyumba ya ndoa. Mke hakuwahi kuridhia wala kusaini.

Tulikwenda kwa mkopeshaji tukiwa na msaidizi huyo na mwenyekiti wa mtaa. Alidai 900,000 pamoja na faini. Tulimwonyesha daftari: alikuwa amekwisha kupokea riba ya miezi mitano, yaani 750,000. Tulimuuliza kwa upole leseni yake iko wapi. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa namna hiyo, awe kampuni au mtu binafsi, anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Nayo Benki Kuu imeelekeza riba ya wakopeshaji hao isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni letu la 800,000, hiyo ni shilingi 28,000, wakati sisi tulilipa 160,000. Kimya kilikuwa kirefu. Mwishoni alipokea 500,000 zake, akaandika amelipwa yote, na karatasi ya mauziano ikachanwa mbele ya mwenyekiti.

Siku iliyofuata tulimlipa mkopeshaji wa kadi 800,000, akarudisha kadi. Hatukuishia hapo. Tulikwenda benki siku hiyo hiyo, tukabadilisha namba ya siri. Shilingi 100,000 zilizobaki kwenye pikipiki tulizipeleka kwenye mikopo ya simu, ikabaki 160,000.

Kuhusu mikopo ya simu tunaomba msikilize vizuri, maana vijana wetu wamo. Baadhi ya programu zinaomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyo kwenye simu. Ukichelewa, zinawaandikia ndugu na wakubwa wako wa kazi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Tena tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kutangaza deni la mtu kwa watu wasiohusika si haki ya mdai. Kabla ya kukopa, ulizeni leseni kwanza.

TULIVYOLIPA

Wakopeshaji wawili walipoondoka, shilingi 310,000 zilirudi nyumbani kila mwezi. Jaribu lilikuwa kuzila. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Ada hakuna, lakini kulikuwa na sare, godoro, ndoo na madaftari. Tulikubaliana 90,000 zibaki kwa matumizi ya nyumba na 220,000 zilipe madeni yaliyobaki: simu, maduka, na wenzetu, jumla 880,000. Ilichukua miezi minne, kuanzia Februari hadi Mei 2024.

Tulianza na simu, kisha maduka. Wenzetu tuliwalipa mwisho. Lakini tuliwaendea wote mwanzoni, mume mwenyewe kwa miguu yake, akamweleza kila mmoja atalipwa mwezi gani. Mmoja tu ndiye aliyekasirika. Wengine walisema walichokuwa wanataka ni kuambiwa. Makato ya SACCOS yaliisha Agosti 2025, na ya benki Novemba 2025.

Masharti tuliyowekeana ni matatu. Kila mwezi siku ya mshahara tunakaa na karatasi za mishahara yote miwili na daftari. Hakuna mkopo wowote, hata wa elfu kumi, usioandikwa humo. Na kila mmoja ana kiasi kidogo cha kutumia bila kuulizwa, kwa sababu mtu asiye na hata shilingi ya kwake ataanza tena kuficha.

Mmetuuliza kama tumesameheana. Tunajibu kwamba deni la fedha liliisha Novemba 2025, na lile lingine bado tunalilipa kwa marejesho madogo madogo. Mume akisema anachelewa shuleni, mke bado hutazama saa. Hilo halikatwi kwenye mshahara.

TUNACHOWAOMBA

Wazee wetu Wagogo wamekuwa na desturi ya kuweka ng'ombe katika boma la jirani au ndugu. Anayefuga anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe, na watu wanajua yule ni wa nani. Lilikuwa jambo lenye mashahidi. Kausha damu inastawi kwa sababu haina shahidi. Kwa hiyo tunayo maombi manne.

La kwanza, kila kamati iwe na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua kuandika hesabu na kutunza siri, wa kukaa na wanandoa wenye madeni. Wasiwakopeshe wala wasiwadhamini. Wawasaidie kuhesabu. Neno likitoka nje ya chumba kile, hakuna mwingine atakayekuja.

La pili, msidhani wanaoficha ni wanaume tu. Akina mama wengi wamo katika vikundi vya kausha damu vya marejesho ya kila wiki, na waume zao wanajua siku vyombo, godoro na televisheni vinapochukuliwa. VICOBA vyetu viandikishwe halmashauri, na kila mkopo mkubwa uwe na saini ya mwenzi aliyeusoma na kuuelewa.

La tatu, nyumba inayolipa deni ipunguziwe michango kwa muda, kimya kimya, na majina ya waliochelewa yasisomwe mbele ya watu. Mwaka 2023 mume alikopa mara mbili ili atoe mchango asionekane hana. Aibu ya namna hiyo ni biashara ya mkopeshaji.

La nne ni kwenu, ndugu wahisani. Msitume fedha za kuwalipia watu madeni. Mkopeshaji atazipokea na mwezi ujao atakopesha wengine. Saidieni mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, na semina za hesabu za kaya katika miezi ya Oktoba na Novemba, kabla ya msimu wa kilimo, wakati watu wanapotafuta fedha za trekta na mbegu. Tuwe wakweli pia: miradi mingi imetufundisha kukopa, na michache imetufundisha kuhesabu. Sisi wawili tunafundisha hisabati darasani, na tulishindwa kuifundisha nyumba yetu.

Ndugu wanakamati, daftari letu la kaunta tumekuja nalo, liko hapa mezani. Safu zake sita mnaweza kuzinakili. Majina ya wadai tumeyafunika kwa karatasi, lakini tarakimu ni zile zile. Atakayependa kuliona peke yake, mlango wetu mnaujua, na hata usiku mnakaribishwa.